Kupambanua si kushuku

Jumamosi iliyopita, kwenye ibada ya jumuiya mtaani kwetu, mama mmoja alitikisa kichwa akasema, "Huyu mhazini mpya, mimi nimeshampambanua." Watu wakaguna "mmh", ile ya wanaojua jambo. Hakuna aliyeuliza amepambanua nini, wala kwa kuona nini. Nimelisikia neno hili likitumika hivyo mara nyingi mno mwaka huu.

Kupambanua ni kutenganisha vilivyochanganyika mpaka kila kimoja kijulikane kilivyo. Kwa Mkristo, kweli na uongo, jema na baya. Basi, maana ni hiyo. Wakatoliki mara nyingi husema mang'amuzi, na Papa Francisko alitoa mfululizo wa katekesi, yaani mafundisho ya imani, juu yake kuanzia Agosti 2022 hadi Januari 2023. Sisi tunaosoma tafsiri ya Biblia iitwayo Union tumezoea kupambanua.

Sasa litazame neno lenyewe, hasa mkia wake: -ua. Ni ule ule wa funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, mkia unaotengua tendo. Pambana siku hizi tunalijua kama kugombana, au ile ya vijana ya "pambana na hali yako", lakini ndani yake mna vitu vinavyokutana na kugusana. Anayepambanua anaviachanisha. Ni kazi ya macho na vidole. Mtu anayechagua mchele kwenye ungo hasemi "nahisi humu mna jiwe" kisha akaenda kulala. Anausogeza penye mwanga, anapekua, jiwe analitoa na kuliweka pembeni ambapo yeyote anaweza kuliona. Na chenga haitupi kwa kuidhania jiwe.

Kigiriki cha Agano Jipya nacho kina la kusema. Neno ni diakrisis, na limo mara 3 tu. Mara moja ni 1 Wakorintho 12:10, penye orodha ya karama, yaani vipawa vya Roho: "kupambanua roho", mstari ambao kila mwenye kumshuku jirani anaukumbuka kwa moyo. (Umesema roho, haukusema wahazini.) Mara nyingine ni Waebrania 5:14, ambapo watu wazima ni wale ambao akili zao "zimezoezwa kupambanua mema na mabaya", kitenzi hicho cha kuzoezwa kimetoka kwenye viwanja vya mazoezi ya mwili, kwenye jasho na kurudiarudia. Hakuna anayeamka asubuhi moja akakuta anao uwezo huo.

Ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi. Ni Warumi 14:1: aliye dhaifu wa imani mkaribisheni, "walakini msimhukumu mawazo yake". Hapo kwenye kuhukumu, Kigiriki kina diakrisis ile ile. Kwa hiyo kumchambua ndugu yako mawazo ya moyoni, jambo ambalo wengi wetu tunaliita karama, liko karibu zaidi na lile Paulo analolikataza kuliko lile analolisifu. Hata manabii, kwenye 1 Wakorintho 14:29, wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue": kinachopimwa ni neno lililosemwa, linapimwa kanisani, na wapimaji ni zaidi ya mmoja.

Sisemi kushuku ni dhambi. Fedha za kanisa zimewahi kupotea, na wajinga ndio waliwao. Tatizo ni kuivika shaka joho la karama, maana ikishavaa hivyo nani ataiuliza swali? Tena si kweli. Ulio nao ni wasiwasi, ukasema unao ufunuo. Yesu alitaka ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo, na nadhani "sijui bado" nayo ingepata nafasi humo.

Baada ya sala ya kufunga nilimfuata yule mama, nikamwamkia, nikamwambia taratibu: "Mama, siku nyingine sema tu una wasiwasi, uombe daftari tulione."

Akanitazama. "Na tukikuta lina kasoro?"

"Hapo ndipo tutaanza kupambanua, mama. Na yeye mwenyewe awepo."