Hukojoi damu? Bado unaweza kuwa na kichocho
Ukipita mwalo wa wavuvi wa Kirumba au Igombe, huko Mwanza, utasikia: "Sikojoi damu, kwa hiyo sina kichocho." Imani hii inaumiza watu wetu kimyakimya. Kichocho kinachotawala ufukweni mwa Ziwa Victoria ni cha tumbo. Mayai yake hutoka na kinyesi. Mengine hunasa kwenye ini, likakakamaa, hata baada ya miaka mgonjwa akatapika damu.

Vimelea hutoka kwa konokono na kupenya ngozi, hivyo kuchemsha maji ya kunywa hakumkingi anayeoga au kuvuta nyavu ziwani.

Choo kikipimwa mara moja mayai yasionekane, usitulie mapema: idadi yake hubadilika kila siku, na sampuli ndogo huyakosa. Omba kipimo kirudiwe. Dawa, prazikwanteli, ipo.