Usiniambie Niizime Taa ya Eabegi, Niulize Imesema Nini

Kila Oktoba minada ya korosho inapoanza, magari yanayoingia gereji yetu hapa Mtwara huongezeka. Malalamiko ni yale yale: shokapu zimevuja, betri haishiki chaji, breki zinapiga kelele. Mwenye gari akimaliza orodha yake na kunikabidhi ufunguo, ndipo anakumbuka: "Halafu fundi, hiyo taa nyekundu ya mtu aliyekaa na puto utanizimia."

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilianzia Lindi, sasa niko Mtwara mwaka wa 15, na ombi hilo la kuzima taa ya eabegi, ule mfuko unaojaa ghafla kumkinga mtu gari likigongana, nimelisikia mara nyingi kuliko jingine lolote. Mwaka huu alilileta mwalimu mmoja wa Tandahimba, na kwa sababu maswali yake yalikuwa mazuri, nimeona niandike yote tuliyozungumza siku ile.

"Mwalimu, kuizima ni dakika tano," nilimwambia. "Ila nikiizima kabla ya kujua imesema nini, nitakuwa nimemnyamazisha shahidi."

"Lakini fundi, gari linatembea vizuri kabisa."

"Litatembea tu. Eabegi haina kazi siku ambayo safari ni njema."

Kompyuta ya eabegi kwenye Toyota nyingi imefungwa sakafuni katikati, karibu na gia. Ukiwasha gari, inapitisha umeme mdogo sana kwenye njia ya kila eabegi na ya mikanda ile inayojivuta wakati wa ajali, ili kujua kama njia ni nzima. Inatarajia kuona ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, wa omu 2 au 3 hivi. Ikikuta waya umekatika, au nyaya mbili zimegusana, inaandika kosa kwenye kumbukumbu yake na kuiwasha taa. Kuanzia hapo usihesabu kwamba eabegi itafunguka siku ya kugongana. Huenda sehemu moja tu imelala, huenda mfumo mzima. Aliyekaa nyuma ya usukani hana namna ya kujua.

Mpaka hapo mwenye gari anaweza kujipima mwenyewe bila kulipa senti. Zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, lakini usipige stata. Taa ya eabegi lazima iwake. Hesabu polepole. Kwenye Toyota nyingi itakaa sekunde 6 hivi, kisha izime yenyewe, huku taa ya oili na ya chaji zikiendelea kuwaka kwa sababu injini bado haijawashwa. Ikibaki inawaka, kuna kosa. Nissan nyingi zenyewe hupepesa. Isipowaka kabisa, ama balbu imekufa, ama kuna mtu ameing'oa au ameiziba kwa karatasi nyeusi nyuma ya dashibodi. Nimezikuta za aina zote hizo.

Ya kutisha zaidi ni ile inayozimika sambamba na taa ya oili au ya chaji, pale tu injini inapowaka. Maana yake waya wa taa ya eabegi umekatwa ukaunganishwa na taa nyingine, ili mnunuzi aone inawaka na kuzima kama kawaida. Kama unanunua gari mkononi, iwe Masasi, Lindi au Dar, fanya jaribio hilo kabla hujatoa pesa. Usipige stata haraka. Muuzaji akikuharakisha, "washa tu, washa tu uisikie injini," wewe hesabu sekunde zako kwanza.

Kwa gari la mwalimu taa haikuzima. Alikuwa ameshapimiwa kwingine kwa kile kifaa kidogo cha bluutuuthi kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwenye simu, akaambiwa gari halina kosa. Simlaumu aliyempimia. Vifaa vingi vya namna hiyo husoma kompyuta ya injini peke yake, na ya eabegi havifiki. Unahitaji mashine inayoingia kwenye mfumo wa eabegi wenyewe. Niliyo nayo ikaleta kosa moja: njia ya eabegi ya ubavuni mwa kiti cha kushoto imekatika.

Nikamuuliza, "Mwalimu, kiti hiki kimewahi kung'olewa?"

Akafikiri. Masika yaliyopita maji yaliingia ndani, akapeleka gari lioshwe zulia, vijana wakatoa viti vyote viwili vya mbele.

Hiki ndicho chanzo ninachokikuta zaidi huku kwetu. Chini ya viti vya mbele kuna nyaya zenye soketi za rangi ya njano. Rangi hiyo imewekwa makusudi, ni onyo kwa fundi kwamba hapa ni njia ya eabegi. Kiti kikitolewa bila kuchomoa soketi, waya unavutwa. Ikichomolewa na kurudishwa nusu nusu, barabara ya vumbi ya Newala itamalizia kazi. Halafu wengi wetu hupakia mizigo pale miguuni kwa abiria: gunia la korosho, dumu, ndoo ya samaki kutoka ufukweni. Maji ya samaki ni maji ya chumvi. Yakipenya zulia na kuingia kwenye soketi, baada ya miezi michache utakuta kutu ya kijani kwenye vipini, yaani visindano vya chuma ndani ya soketi, na kutu hiyo huongeza ukinzani mpaka kompyuta inaamini waya umekatika.

Cha pili ni spairo kebo, ule utepe mwembamba wa waya uliojikunja nyuma ya usukani, unaopeleka umeme kwenye eabegi ya dereva na kwenye honi huku usukani ukizunguka. Honi ikifa siku moja na taa ya eabegi kuwaka, anza hapo. Mara nyingi nikiuliza nasikia kwamba gari lilibadilishwa reki ya usukani, kile chuma kinachogeuza matairi, wiki hizo hizo. Fundi alifungua reki bila kuufunga usukani, usukani ukazunguka huru, utepe ukavutika ukakatika. Spairo kebo mpya nayo haichomekwi hivi hivi. Matairi yanyooke mbele, uizungushe taratibu mpaka igome, kisha uirudishe, kwenye Toyota nyingi mizunguko kama miwili na nusu, hadi alama zake zikutane. Ukiifunga kwa kukisia itakatika mara ya kwanza dereva atakapokata kona kali.

Betri dhaifu pia huwasha taa hii, hasa gari likibusitiwa, yaani kuwashwa kwa umeme wa betri nyingine, mara kwa mara. Hiyo ni nyepesi. Gari lililokaa majini ni zito. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya Lindi kwenda Dar upande wa Somanga, tulipokea magari yaliyokuwa yamepita kwenye maji mengi. Kompyuta iko sakafuni, chini ya zulia lililolowa. Ikishaoza ndani hakuna kufuta kosa, inabadilishwa.

Sasa, kuhusu kugusa. Naomba hapa nieleweke, kwa sababu vijana wengi wanaosoma blogu hii ni mafundi wenzangu. Eabegi ni baruti iliyopangwa vizuri. Inajaa kwa kama sehemu 3 za mia moja za sekunde, kabla hujapepesa jicho, na ndiyo maana dereva anashauriwa kifua chake kiwe mbali na usukani angalau sentimita 25, na mkanda uwe umefungwa. Mkanda ndio unaokushika, eabegi inapokea kilichobaki. Kabla sijagusa soketi yoyote ya njano nazima gari, nachomoa ufunguo, natoa waya wa hasi wa betri, kisha nangoja. Kitabu cha Toyota kinasema angalau sekunde 90, mimi nangoja dakika tatu. Kompyuta ina akiba ya umeme ndani yake, iliyowekwa ili eabegi ifunguke hata betri ikipasuliwa na ajali. Akiba hiyo haijui kwamba wewe ni fundi.

Na usiweke mita kwenye eabegi yenyewe kupima ukinzani wake. Usiweke taa ya majaribio. Umeme mdogo wa kifaa unaweza kutosha kuiwasha, na uso wako uko pale pale juu yake. Ukitaka kujua tatizo ni la eabegi au la waya, mita iwekwe kwenye waya tu, eabegi ikiwa imechomolewa pembeni na upande wake laini ukitazama juu.

Nina jambo la kueleza kuhusu rezista, kile kipande kidogo cha kuzuia umeme. Nilipokuwa kijana Lindi, lililetwa gari ambalo eabegi ya usukani ilishalipuka kwenye ajali. Mwenye nalo hakuwa na pesa ya kununua nyingine. Tukagundisha kifuniko cha usukani, nyuma yake nikaweka rezista ya omu 2, kompyuta ikadhani eabegi ipo, taa ikazima sekunde ya sita kama inavyotakiwa. Nilisifiwa. Baada ya mwaka nililiona gari lile kituo cha mabasi Lindi likiendeshwa na mtu mwingine, mkewe mbele, watoto nyuma. Nikamfuata. Aliniambia ameuziwa kama gari ambalo halijawahi kugongwa. Nikalifungua kifuniko mbele yake nikamwonyesha rezista yangu, nikaitoa bila kumtoza, na taa ikawaka. Hakusema neno kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo sijaweka rezista kwenye gari la mtu, na anayeniomba namweleza kisa hiki. Jaribio la sekunde 6 haliwezi kuikamata rezista. Kifuniko kisichokaa sawa, gundi pembeni mwa honi, au dashibodi iliyoshonwa upande wa abiria ndivyo vinavyoweza kukuonyesha.

Kuna kosa jingine ambalo taa haiwezi kulisema kamwe, na kwa sisi wa pwani ya kusini linatuhusu kuliko wengi. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza eabegi zilizotumiwa na Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengine wengi. Kilichojaza mifuko hiyo ni naitreti ya amonia, kemikali hiyo hiyo iliyomo kwenye mbolea ya CAN. Anayelima mahindi anajua mfuko wa CAN ukiachwa wazi masika unavyovuta unyevu na kugandamana. Ndani ya eabegi, miaka ya joto la mchana na unyevu huiharibu kemikali, nayo siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, chombo cha chuma kinapasuka na vipande vinamrukia dereva. Watu wamekufa kwa ajali ambazo wangetoka wakitembea. Marekani peke yake ziliitwa eabegi kama milioni 67 zibadilishwe, na maeneo yenye joto na unyevu yakapewa kipaumbele. Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017.

Kompyuta hupima waya, haionji baruti. Gari lenye eabegi hiyo litahesabu sekunde 6 na kuzima taa vizuri kabisa. Njia ya kujua ni namba ya chesisi. Kwa magari yaliyotoka Japani, kampuni zenyewe zina kurasa kwenye intaneti unapoingiza namba hiyo ukaambiwa kama gari liliitwa na kama lilishatengenezwa. Likiwa bado, wasiliana na wakala rasmi wa kampuni hiyo hapa nchini ukiwa na namba mkononi. Ndiyo maana pia sipendi eabegi za mtumba: zimetoka kwenye gari jingine, na chesisi ya gari lako haiwezi kukujulisha habari zao.

Soketi ya mwalimu nilikuta imeingia nusu, na vipini viwili vimeanza kuwa kijani. Nikaisafisha kwa dawa ya soketi, nikaikausha, nikaisukuma mpaka ikalia "ka!", nikaufunga waya mbali na reli ya kiti. Nikarudisha betri, nikafuta kosa kwa mashine. Nilimpa ufunguo azungushe mwenyewe. Akahesabu kwa sauti, kama yuko darasani. Alipotamka sita taa ikazima, za oili na chaji zikabaki zinawaka.

Akashuka, akainama kusoma namba ya chesisi, akaiandika nyuma ya kitabu cha mahudhurio, akaniomba nimsomee tena tarakimu tatu za mwisho.