Bei ya kichwa au ya darasa? Dhana potofu kuhusu kuiuzia serikali mafunzo ya programu Zanzibar

"Sheikh, hii milioni saba ni ya kichwa au ya darasa zima?"

Swali hilo nimeulizwa na maafisa manunuzi wa Vuga, Mazizini na Gombani mpaka sasa jibu lake naliandika juu kabisa ya kotesheni, ile karatasi ya bei ninayompa mnunuzi. Kazi yangu ni kupanga bei za mafunzo ya zile programu kubwa za ofisi: za uhasibu, za rasilimali watu, za ghala, za kumbukumbu za wagonjwa. Wanunuzi wangu wengi ni wizara, mashirika na mamlaka za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Nimekosea bei mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na makosa mengi yalitokana na maneno ambayo kila mtu anayasema lakini hakuna anayekaa chini kuyapigia hesabu.

"Bei ya mafunzo ni bei ya kichwa mara idadi ya watu"

Hii ndiyo mama wa dhana hizo zote. Mnunuzi anaipenda kwa sababu inaingia vizuri kwenye bajeti, na muuzaji anaipenda kwa sababu inaonekana ndogo. Lakini tazama fedha inakokwenda. Chukua kozi ya siku 5, kwa tarakimu za mfano tu. Mkufunzi anafundisha siku 5 na kuandaa siku 3, kwa sababu mazoezi lazima yatumie vifungu vya bajeti na fomu za taasisi ile, si mifano ya kiwanda cha Ulaya. Siku 8 kwa shilingi 600,000 ni 4,800,000. Msaidizi wa kuzunguka mezani, siku 5 kwa 200,000, ni 1,000,000. Seva ya mazoezi na kuipanga, 700,000. Hapo tayari ni 6,500,000 na hajaingia mtu mlangoni. Kinachofuata idadi ya watu ni vitabu na cheti, tuseme 40,000 kwa kila mmoja.

Wakija 10, gharama ni 6,900,000, sawa na 690,000 kwa kichwa. Wakija 20, ni 7,300,000, sawa na 365,000 kwa kichwa. Watu wamezidi maradufu na gharama imepanda kwa laki nne tu. Kwa hiyo anayeuliza "kichwa ni shilingi ngapi?" bila kusema vichwa vingapi anauliza swali lisilo na jibu.

Nilijifunza kwa kuumia. Taasisi moja iliomba bei ya kichwa kwa watu 20, nikatoa, LPO, yaani hati ya kuagiza huduma, ikaja imeandikwa kwamba malipo yatafuata mahudhurio. Asubuhi ya kwanza ukumbi ulijaa. Siku ya pili wakaitwa karibu nusu yao kwenye kikao cha dharura, hawakurudi. Fomu ya mahudhurio ikabaki na saini 11. Vitabu 20 nilikwishachapisha, tisa ninavyo mpaka leo, mtoto wangu anachorea nyuma ya kurasa. Na hao waliofanya vile hawakuwa na ubaya wowote. Karatasi ndiyo iliyowaruhusu, na karatasi niliiandika mwenyewe. Safari nyingine nikageuka, nikatoa bei ya darasa bila kuandika kikomo, wakaja 31 kwenye chumba chenye kompyuta 16.

Siku hizi kotesheni yangu ina mistari mitatu: bei ya darasa kwa watu 8 hadi 16, bei ya kila anayezidi hapo, na idadi ambayo ikipita lazima liwe darasa la pili.

"Serikali ina pesa, wewe ipandishie tu"

Maneno ya barazani haya, na anayeyasema aghalabu hajawahi kusubiri hundi. Fedha ya mafunzo ya wizara imekaa kwenye kasma, yaani fungu la bajeti, yenye kikomo, iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi kule Chukwani kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Afisa anayekupenda kama ndugu yake bado hawezi kukulipa zaidi ya kilichomo. Ukiipandisha bei anachofanya ni kupunguza siku, na kozi ya siku 5 ikifundishwa kwa siku 3 watakaolaumiwa ni wewe na programu yako.

Kinachopandisha bei kihalali ni kusubiri. Mkufunzi analipwa Ijumaa, ukumbi unalipwa kabla, na malipo ya serikali yanafuata utaratibu wake. Fedha iliyokaa nje miezi kadhaa ina gharama, hasa kama uliikopa benki. Hiyo iweke kwenye bei, ipigie hesabu kwa miezi, na uwe tayari kuieleza ukiulizwa. "Asilimia 30 kwa sababu ni serikali" haielezeki mbele ya mtu yeyote, wala mbele ya mkaguzi.

"Mafunzo yanakuja na programu"

Leseni ni haki ya kutumia. Kuisimika programu na kuipanga ifuate kazi zenu ni kitu cha pili. Kufundisha watu ni cha tatu. Muuzaji akikwambia la tatu ni bure, ama amelificha ndani ya la kwanza, ama anakusudia asubuhi moja ya kuonyesha vitufe kwenye projekta. Kwenye hadidu za rejea dai kila kimoja kiwe na mstari wake, hata kama mmoja umeandikwa sifuri.

Dhana hii ina pacha wake: kwamba programu isiyolipiwa leseni basi na mafunzo yake hayalipiwi. Mfano mzuri uko sekta ya afya. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hauna ada ya leseni, na Wizara ya Afya Zanzibar inautumia. Hata hivyo akademia za DHIS2, yaani kozi zake rasmi, zina ada ya ushiriki, na anayemfundisha ofisa wa takwimu wa wilaya naye ana nauli na chakula. Tena programu isiyo na ada ya leseni mara nyingi inahitaji mafunzo zaidi, kwa kuwa hakuna kampuni ya kupigiwa simu. Wa kupigiwa simu ni yule mliyemfundisha.

"Posho imo ndani ya bei"

Haimo, na isiwemo. Mshiriki anayetoka Micheweni kuja mjini posho yake na nauli yake zinatoka kwenye kasma ya safari ya taasisi yake, kwa viwango vya serikali. Zikiingizwa kwenye bei ya mkufunzi, kotesheni ya mwaminifu inaonekana ghali kuliko ya jirani ambaye hakuziingiza, na mnunuzi anajikuta analinganisha chungwa na nazi. Juu ya hapo anazilipia VAT, kodi ya ongezeko la thamani, jambo ambalo hakuna aliyekusudia. Chai ya saa nne na chakula cha mchana ni habari nyingine: hivyo anaweza kuvibeba yeyote, lakini iandikwe ni nani. Nimeona darasa zuri likivunjika moyo siku ya kwanza kwa sababu ya sambusa ambazo kila upande ulidhani mwenzake ameagiza.

"Siku ya mafunzo ni siku ya mafunzo"

Mtaala wa kampuni unapoandika siku 5 unahesabu saa saba au nane za darasa kila siku. Hapa kwetu Ijumaa saa tano na nusu watu wanajiandaa na sala, na huwezi kuwalaumu. Ramadhani kazi zinaisha mapema, na baada ya adhuhuri kichwa hakishiki masuala ya kufunga hesabu za mwezi. Kozi ya saa 35 ikiangukia Ramadhani ni siku 7 au 8. Mwenye kukubali kuifundisha kwa siku 5 kwa bei ileile amekwishaamua sura gani ataziruka. Mimi bei napanga kwa saa, kisha nazigawa kwenye siku kulingana na mwezi ulivyo.

Kwenye mwezi ndiko inakoingia Juni. Taasisi zikiona fedha imebaki, Mei na Juni zinaita mafunzo kwa pupa, na wakufunzi wote wazuri wameshikwa. Wengine wananunua kwa kampuni za nje salio la mafunzo, ile mikopo ya kozi inayotumiwa baadaye, ili fedha isirudi Hazina. Si vibaya, lakini soma masharti: salio la namna hiyo mara nyingi lina muda wa miezi 12 tu tangu siku ya kununua. Lililonunuliwa Juni likasahauliwa mezani linakufa Juni inayofuata bila kelele, na hakuna wa kulizika.

"Kodi ni ileile, bara na visiwani"

Wauzaji kutoka Dar es Salaam ndio wanaonaswa zaidi hapa. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18 na kinasimamiwa na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Zanzibar kiwango cha kawaida ni asilimia 15, na msimamizi ni ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Kotesheni iliyonakiliwa na asilimia 18 yake inarudishwa, na kurudishwa mwishoni mwa Juni maana yake umekosa kazi.

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na humo ndimo kuna kodi ya zuio: kwa huduma za kitaalamu mlipaji anakata asilimia 5 kwa mkaazi na asilimia 15 kwa asiye mkaazi. Muuzaji mgeni wa kazi hizi anaiona fedha pungufu benki na kudhani amedhulumiwa. Kwa mfano, bei ni 12,000,000, na VAT ya asilimia 15 ni 1,800,000, kwa hiyo ankara inasoma 13,800,000. Zuio la asilimia 5 linakatwa kwenye ile 12,000,000, ambalo ni 600,000, na benki inaingia 13,200,000. Katika hizo, 1,800,000 si zako, ni za kupeleka ZRA. Dai hati ya zuio, utaihitaji utakapofanya ritani. Wapo wanaoongeza asilimia 5 juu ya bei kimyakimya ili "wasipungukiwe". Hao wanamlipisha mnunuzi kodi ya mapato yao wenyewe, kisha wanaikatia tena kwenye ritani.

Kuhusu dola, fupi tu. Kuna waliokuwa wakiweka bei kwa dola kujikinga na mabadiliko ya thamani. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza na kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara ya ndani ya nchi. Kama gharama yako ina kitu cha dola, mfano ada ya mtihani wa cheti, kigeuze kwa shilingi na uandike kotesheni inaisha siku gani.

"Bei ya serikali lazima iwe siri"

Muuzaji anaogopa mshindani ataiona. Marekani, ambako mafunzo ya programu kwa serikali ni biashara kubwa, wamefanya kinyume. GSA, wakala unaopanga mikataba ya pamoja ya ununuzi kwa taasisi za serikali kuu, anaweka orodha za bei za wauzaji kwenye tovuti ya GSA Advantage, na mtu aliyekaa Darajani na simu yake anaweza kuzisoma. Muuzaji anatoa ada ya asilimia 0.75 ya mauzo yake chini ya mkataba huo, na ada hiyo imo ndani ya bei iliyotangazwa, haiongezwi mwishoni. Kilichonivutia zaidi ni kwamba bei ya kozi inaandikwa pamoja na urefu wake na idadi ya chini na ya juu ya washiriki. Nusu ya ugomvi wangu wa miaka yote ungeishia hapo. Utaratibu wao si wetu, sisi tuna sheria zetu na mfumo wetu wa manunuzi ya mtandaoni, e-ProZ, lakini kuiga namna ya kuandika mstari mmoja hakuhitaji ruhusa ya mtu.

"Ya mtandaoni iwe nusu bei, na Pemba iwe maradufu"

Zote mbili zinatokana na kuhesabu nauli peke yake. Darasa la mtandaoni linaokoa boti na chumba cha kulala, lakini saa za mkufunzi ni zilezile na maandalizi ni yaleyale. Tena msaidizi mmoja hatoshi, kwa sababu huwezi kumwona aliyekwama kwenye skrini asiyesema. Mimi ya mtandaoni inapungua kidogo, na idadi ya watu naishusha mpaka 12.

Pemba nayo hesabu yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Mkufunzi na msaidizi kuvuka kwa boti mpaka Mkoani, gari mpaka Chake Chake na malazi ya usiku sita ni fedha ya watu wawili. Kuwavusha watumishi 14 kuja Unguja ni fedha ya watu kumi na wanne, na posho juu. Nilipowahi kufundisha Chake Chake kwenye chumba chenye kompyuta 9 kwa watu hao 14, umeme ulikatika siku ya pili kabla ya saa tano. Mama mmoja wa uhasibu akatoa daftari, akachora fomu ya hati ya malipo kwa rula, na wenzake wakaijaza kwa kalamu kifungu kwa kifungu mpaka umeme uliporudi saa nane. Kompyuta zilipowaka, kundi lile lilimaliza zoezi kwa dakika kumi. Tangu hapo kotesheni za Pemba naziongezea mstari wa jenereta na kompyuta mpakato tano za kukodi. Bado jumla inakuwa chini ya nauli na posho za kuwavusha.