Nanozaimu haiui floraidi, inaitaja tu

"Mwanangu, hiyo dawa yenu inaua floraidi?" Mama mmoja wa kijiji cha Maji ya Chai, Arusha, aliniuliza hivyo huku akinijazia chupa ya nusu lita bombani kwake. Nikajibu upesi mno: haiuliki. Akanitazama kama mtu aliyepotezewa asubuhi yake.

Floraidi haina cha kuvunjwa. Rangi ya kitambaa, au kiuatilifu kilichoteremka na mvua kutoka shambani, ni molekuli kubwa. Ukiikatakata hadi mwisho, sehemu yake kubwa inabaki kaboni dayoksaidi na maji. Floraidi ni atomu moja yenye chaji. Inanaswa na kutolewa, basi, kama wanavyofanya wanaochuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe kule Ngurdoto.

Kazi yangu mimi ni nanozaimu, yaani chembechembe ndogo mno zinazoiga vimeng'enya. Kimeng'enya unakijua hata kama hujasoma kemia: tafuna ugali mtupu kwa muda mrefu, utaona unaanza kuwa mtamu. Ni kimeng'enya cha kwenye mate kinachokata wanga. Tatizo ni kwamba kimeng'enya ni protini, na protini inadeka. Joto likizidi imekufa. Mwaka 2007 kundi la Xiyun Yan nchini China lilionyesha kwamba chembe ndogo sana za oksaidi nyeusi ya chuma hufanya kazi ya kimeng'enya kiitwacho peroksidesi. Zikipata haidrojeni peroksaidi, huchochea mmenyuko unaoweza kushambulia rangi na fenoli majini. Ukimaliza, unaweka sumaku ubavuni mwa chupa na chembe zote zinakimbilia huko. Nimeshafanya hivyo mara nyingi na bado nafurahi kama mtoto.

Kuipima floraidi, si kuivunja, tunatumia chembe za oksaidi ya seriamu, metali nyingine. Hii ni mvivu: inabadilisha rangi ya kitendanishi, dawa ya kupimia, kuwa kijani, kisha kile ilichokitengeneza kinaigandia na kuiziba. Floraidi ikishika uso wa chembe, uchafu ule unabanduka na kazi inakwenda kasi. Kadiri floraidi inavyozidi ndivyo kijani kinavyokolea. Mkorofi anajitaja mwenyewe.

Maabarani, kwa maji safi niliyotia floraidi ya sodiamu kwa mizani, kazi ilipendeza. Maji ya yule mama hayakutoa rangi. Nilitupa chembe za wiki nzima nikidhani zimeharibika, kumbe zilikuwa nzima. Jibu nililiona nilipodondosha asidi kwenye neli: viputo vidogo vikapanda kama soda iliyofunguliwa. Bikaboneti! Maji mengi ya huku kwetu chini ya Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kutoka na bikaboneti ya sodiamu, na mmenyuko wangu unataka uchachu, pH ya karibu 4. Bafa yangu dhaifu, yaani mchanganyiko wa kushikilia uchachu, ilikuwa imemezwa yote. Nilipotia bafa kali zaidi, kijani kikaja ndani ya dakika chache.

Bikaboneti hiyohiyo huharibu hata ile kazi ya kuvunja, kwa sababu hunyakua radikali, zile chembe kali zinazofanya uvunjaji, kabla hazijafikia rangi au kiuatilifu. Ndiyo maana siku hizi nikisoma kwamba nanozaimu fulani imesafisha maji, kitu cha kwanza ninachotafuta ni maji gani. Kama ni ya kukenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa yakabaki matupu, nafunga ukurasa.

Nilirudi kwa mama na neli tatu: maji ya bomba, ya chemchemi iliyo nyuma ya migomba, na ya tangi lake la mvua. Nilikuwa na kadi ya rangi yenye alama ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani. Mbili za kwanza zilikolea kupita alama. Ya tatu haikubadilika hata kidogo.

Aliinyanyua akaitazama dhidi ya jua.

"Kumbe ya mvua ndiyo," akasema. "Na mimi nayafulia nguo."