Umbali na mwendo: Dar es Salaam hadi Lubumbashi

Ukiuliza kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi, mji wa kusini mwa Kongo (DRC), ni mbali kiasi gani, utapata majibu mawili yaliyoachana kwa mamia ya kilomita, na yote ni kweli.

Jibu la kwanza ni umbali wa angani: mstari ulionyooka kati ya miji miwili, kama vile umevuta uzi juu ya tufe la dunia. Huo ni kilomita 1,400 hivi. Ndege ya jeti ikienda moja kwa moja huumaliza kwa takriban saa mbili.

Jibu la pili ni umbali wa barabara, kama kilomita 2,000. Lori linapita Morogoro, linakatiza hifadhi ya Mikumi, linapanda mlima Kitonga, linashika Iringa, Makambako na Mbeya mpaka Tunduma. Hapo linaingia Zambia, linateremka kusini hadi Kapiri Mposhi, kisha linageuka tena kupandisha kaskazini kupitia Ndola na Chingola ndipo lifike Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Ukitazama ramani utaona sababu: njia inaizunguka ile pembe ya Kongo iliyojichomeka ndani ya Zambia. Hata reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, huishia Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka Dar.

Sasa muda. Shuleni tulifundishwa kugawanya umbali kwa mwendokasi. Tanzania lori haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. 2,000 gawanya kwa 80, saa 25. Mwambie hivyo dereva yeyote wa njia ya Tunduma, atacheka mpaka chai imwagike.

Kinachotawala safari ni mwendokasi wa wastani, na wastani unahesabu hata muda ambao magurudumu yamesimama. Kitonga, lori lenye mzigo kamili hupanda taratibu kiasi kwamba utingo anaweza kutembea pembeni yake. Kuna mizani ya kupima uzito wa malori, kuanzia Vigwaza hadi Mpemba. Halafu kuna Tunduma yenyewe. Kituo cha pamoja cha forodha na Nakonde, mji wa upande wa Zambia, kilizinduliwa 2019, lakini foleni ikikaza madereva hupika, hufua na kuanika nguo kwenye kamba kati ya malori. Kasumbalesa ni hivyohivyo.

Chukua lori lililofika baada ya siku saba kamili. Hizo ni saa 168. Gawanya 2,000 kwa 168: kilomita 12 kwa saa. Baiskeli hiyo.

Saa nayo huchanganya watu. Tanzania iko mbele ya Zambia na Lubumbashi kwa saa moja. Ukitoka Tunduma saa nne asubuhi ukavuka kwa dakika kumi (omba sana), Nakonde unakuta ni saa tatu na dakika kumi. Usiporekebisha, safari ya kwenda itaonekana fupi kuliko ilivyo, na ya kurudi ndefu.

Ndiyo maana neno "mwendo" halijazeeka. Tunaposema mahali ni mwendo wa siku tatu, tunataja umbali kwa kipimo cha muda, na kwa msafiri hicho ndicho kipimo chenye faida. Ila dereva mzoefu ukimuuliza Lubumbashi ni mwendo wa siku ngapi, hataji namba kwanza. Anakuuliza umebeba nini, maana mafuta, salfa na kontena la nguo havipiti forodha kwa karatasi zilezile.