Unauliza Wati, Hujauliza Antena

Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, na hapo ndipo mimi napata wateja. Juzi kaja tajiri mmoja wa Kibirizi, hapa Kigoma, mtu mzima ninayemheshimu, akaitupa redio yake ya mkononi, hii ya VHF ya kuongea chombo kwa chombo, mezani kama samaki aliyevunda. "Fundi, hii ya wati 5 ni ya kuchezea watoto. Nataka ya kufunga chomboni, ya wati 25, niongee mbali mara tano." Huyo ni wa nne mwezi huu. Nikamwambia "sawa mzee", moyoni nachemka.

Mawimbi ya VHF yanakwenda karibu moja kwa moja, na dunia inajikunja chini yake. Chukua kimo cha antena kutoka usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1: hizo ndizo kilomita zako. Mvuvi aliyekaa chomboni, antena mita 1 juu ya maji, ana kilomita 4. Mwenzake kakaa vivyo hivyo, jumla 8. Wapandishe wote antena hadi mita 4, zinakuwa 16, na wati hujagusa hata moja. Aliyesimika antena mlimani, mita 100 juu ya ziwa, ana 41 peke yake. Ndiyo maana redio hiyo hiyo "ya watoto" inaweza kumkosa jirani aliye kilomita 12 ikampata mtu wa mlimani aliye kilomita 30. Wati 25 zinasaidia, sikatai. Mkwaruzo unapungua kule ukingoni. Lakini mara tano? Hapana.

Mwaka jana niliitwa Katonga kutazama redio ya kufunga "mbovu". Redio nzima kabisa. Antena wameilaza chini ya turubai, imefungwa mpira kwenye ubao, eti ikisimama inanasa nyavu. Antena hii husimama wima! Waya wa kutoka antena hadi redioni ni mwembamba, mita kumi na ushee, umezungushwa kama kamba ya nanga. Nikaukata karibu na plagi: shaba imegeuka kijani, ukiifinya inapukutika. Maji yalishaingia zamani. Mwenye boti ananiuliza kama kuna redio ya wati 50.

Halafu taa. Karabai zimepungua, tunavulia LED, na zile za bei poa zinatoa kelele inayoziba redio masikio. Weka chaneli 16, ile ya kuitana na ya dharura, zima taa moja moja, sikiliza. Kuna mtu kabadilisha redio mbili kwa kosa la taa. Umeme nao: ya kufunga ikituma kwa wati 25 inakula ampia 5 hadi 6 kwenye volti 12. Ukiiunga kwenye betri ya taa, saa kumi alfajiri vyote vimelala. Iwekee betri yake.

Zamani nilikuwa nasema ya kufunga kwanza, basi. Siku hizi nasita. Mitumbwi yetu haina kibanda, na chombo kikipinduka ile ya kufunga inazama na betri yake. Ya mkononi isiyoingiza maji, iliyofungwa kwenye jaketi okozi, inabaki na mtu, mradi ilichajiwa. Na hata hiyo, kama wenzako wote wamebeba simu tu, unaongea na upepo. Mwenye uwezo anunue zote mbili. Mwenye pesa ya moja, sasa namwelekeza kwenye ya mkononi, ingawa kuna mafundi wenzangu watanicheka.

Yule mzee nimemuuzia antena, waya mnene na mlingoti wa mita 3. Redio ni ile ile, antena fupi kaiweka mfukoni airudishe akilazimika kuibeba. Kile kiunganishi kidogo cha juu ya redio, panapoingia antena, sikiamini, wimbi moja linaweza kukivunja, nimekizungushia kamba na utepe. Ameondoka amenuna. Giza likirudi atanipigia, kwa redio au kwa simu.