Vichekesho vya Zamani vya Televisheni ya Uingereza: Vilipoteaje, na Vilivyobaki Vilibakije?

Mwaka 1969 BBC ilirusha hewani msimu wa pili wa Dad's Army, kichekesho kuhusu wanamgambo wazee kwa vijana wanaoulinda mji wa kubuni wa pwani, Walmington-on-Sea, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Msimu huo ulikuwa na sehemu 6, na kanda za sehemu 5 zilifutwa. Sehemu 2 zilirejea mwaka 2001, lakini picha za 3 zilizosalia hazijapatikana hadi leo, na ndiyo maana kati ya sehemu 80 za kipindi kizima tunazo 77 tu. Watu husimulia kupotea huko kwa namna nyingi, na masimulizi mengi hayalingani na yaliyotokea.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba vipindi vya namna hii vilifutwa kwa sababu utani wake ulikuwa wa kuudhi, kwamba wakubwa wa televisheni waliuonea haya wakaamua kuuzika. Ukweli ni mkavu zaidi, na kwangu mimi unasikitisha zaidi. Kanda ya video ya miaka ile ilikuwa na upana wa inchi 2, ilizungushwa kwenye gurudumu zito, na bei yake ilikuwa kubwa. Ilisifiwa kwa jambo moja: ukishaitumia, unaweza kuifuta na kurekodi kitu kingine. Mikataba na chama cha waigizaji iliruhusu kipindi kurudiwa mara chache, ndani ya muda maalumu, na kwa malipo mapya. Muda huo ukiisha, kanda ilikuwa ni mali iliyolala rafuni ilhali studio ya jirani inahitaji kanda ya kurekodia wiki hiyo hiyo. Isitoshe, BBC1 ilianza kurusha matangazo ya rangi mwezi Novemba 1969, na papo hapo vipindi vya rangi nyeusi na nyeupe vikaonekana kuwa bidhaa iliyopitwa na wakati. Video za kutazamia nyumbani zilikuwa bado hazijawafikia watu wa kawaida, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mtazamaji angetoa fedha yake kununua kichekesho alichokwisha kukiona.

Hoja ya udhibiti inaanguka mara tu unapoweka vipindi viwili kando kwa kando. Till Death Us Do Part, ambacho mhusika wake mkuu Alf Garnett alikuwa mbaguzi mwenye kelele, kilizua malalamiko mengi, na kweli sehemu zake nyingi za miaka ya 1960 zilifutwa. Dad's Army hakikumuudhi mtu, nacho kikafutwa vilevile. Kinyume chake, Mind Your Language, kipindi ambacho watazamaji wengi wa Afrika Mashariki wanakikumbuka vizuri kuliko vyote ninavyovitaja hapa, kiliondolewa hewani mwaka 1979 kwa sababu Michael Grade, aliyekuwa na mamlaka katika LWT, kituo cha televisheni cha kibiashara cha London, aliona kinawadhalilisha wageni. Hata hivyo sehemu zake zote 29 za kituo hicho zipo. Kanda zilihukumiwa kwa bei na kwa nafasi ya rafu, wala utani uliokuwa ndani yake haukuangaliwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba vilivyopotea ni vile hafifu, na kwamba vilivyo bora vilitunzwa. Hilo si kweli hata kidogo. Not Only... But Also cha wachekeshaji Peter Cook na Dudley Moore, kilichorushwa kati ya mwaka 1965 na 1970, kilihesabiwa miongoni mwa kazi bora za vichekesho za kizazi chake, na bado sehemu zake nyingi hazipo. Inasimuliwa kwamba Cook alijitolea kulipia kanda mpya ili zile zenye kazi yake zisifutwe, na ombi lake likakataliwa. Katika msimu wa mwaka 1970, uliorekodiwa kwa rangi, kanda za studio zilifutwa, vikabaki vipande vilivyopigwa nje kwa kamera ya filamu. Sababu ya vipande hivyo kubaki ni ya kiofisi tu. BBC ilikuwa na maktaba ya filamu yenye wajibu wa kutunza filamu, lakini kanda za video hazikuwa na mlinzi wa namna hiyo hadi mwaka 1978, ulipowekwa utaratibu wa kuzihifadhi pamoja. Kwa hiyo mandhari ya mtaani ya dakika mbili ilinusurika, na mazungumzo ya wachekeshaji wawili mezani, ambayo ndiyo moyo wa kipindi, yakatoweka.

Tusiilaumu BBC peke yake. Kampuni za ITV, mtandao wa televisheni za kibiashara wa Uingereza, zilifanya hivyohivyo, na baadhi yake zilikufa na kuacha kanda zao mikononi mwa warithi wasiozijali. Kampuni ya Rediffusion ilitengeneza At Last the 1948 Show mwaka 1967, kikiwa na John Cleese, Graham Chapman, Marty Feldman na Tim Brooke-Taylor, kisha mwaka uliofuata yenyewe ikaacha kurusha matangazo. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya kilichojulikana kutokana na kipindi hicho ilikuwa mikusanyo iliyotunzwa na televisheni ya Sweden. Mwaka 2014 sehemu 2 kamili zilipatikana katika mali aliyoiacha David Frost, aliyekuwa msimamizi mkuu wa utengenezaji wake.

Hapo tunafikia neno lenyewe, "kupotea", ambalo hutumika kana kwamba lina maana moja. Baadhi ya sehemu za mwanzo za Hancock's Half Hour, kilichoanza kwenye televisheni mwaka 1956, zilichezwa moja kwa moja hewani. Sehemu ambayo haikurekodiwa haina kanda ya kutafutwa, na hakuna dari itakayoifichua. Nyingine zilirekodiwa kwenye kanda, kisha zikanakiliwa kwa kuielekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, na nakala hizo za milimita 16 zikasafirishwa kuuzwa ng'ambo. Kanda ya asili ikifutwa, nakala ya filamu inaweza kuwa bado ipo mahali fulani. Yanayopatikana siku hizi kwa sehemu kubwa ni nakala za aina hiyo.

Ndipo huzuka dhana nyingine, kwamba maghala ya vituo vya Afrika yamejaa hazina ya Waingereza. Upo ukweli ndani yake, kwa maana mwezi Oktoba 2013 BBC ilitangaza kwamba sehemu 9 za Doctor Who, ambacho si kichekesho lakini kilipatwa na balaa lilelile, zilikuwa zimepatikana katika mji wa Jos, Nigeria. Lakini kituo kilichonunua haki ya kurusha kilitakiwa, baada ya muda wake kwisha, kuirudisha filamu, kuipeleka kwa kituo kinachofuata, au kuiteketeza. Kwa upande wetu, Kenya ilianza televisheni mwaka 1962 na Zanzibar mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, kwa hiyo anayezitafuta filamu za miaka ya 1960 katika ghala la Dar es Salaam anatafuta mahali ambapo hazikuwa na sababu ya kufika.

Wakusanyaji binafsi nao hutajwa kama wezi waliokalia mali ya umma. Mimi nawaona tofauti. Zile sehemu 2 za Dad's Army zilizorudi mwaka 2001 ziliokotwa jaani katika miaka ya 1970, zikakaa miaka mingi ndani ya makopo yaliyoshika kutu, kwenye kibanda cha bustani. Kama mtu yule angepita bila kuinama, leo tungehesabu sehemu 5 zilizokosekana. Na hofu yao ya kujitokeza ilikuwa na msingi, kwani mchekeshaji Bob Monkhouse, mkusanyaji mashuhuri, alifikishwa mahakamani London mwaka 1979 kwa sababu ya filamu zake, ingawa aliachiwa huru. Baada ya kifo chake mwaka 2003, hifadhi yake ilikutwa na vipindi visivyopatikana kwingine.

Hata kilichobaki hakiko sikuzote kama kilivyorushwa. Sehemu ya Dad's Army iitwayo Room at the Bottom ilirekodiwa kwa rangi, ikasalia filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Ukiisogelea picha yake unaona vidoa vidogo sana vilivyotapakaa kama chengachenga, ambavyo zamani vilichukuliwa kuwa uchafu. Kumbe vidoa hivyo ni alama ya mawimbi ya rangi yaliyokuwa kwenye kioo wakati kamera ilipokinakili. Mwaka 2008 programu ya kompyuta ilivisoma vidoa hivyo na kurudisha rangi halisi, bila mtu kukisia sare ya Kapteni Mainwaring, kiongozi wa wanamgambo hao, ilikuwa ya rangi gani.

Nimalizie na dhana kwamba filamu ikishapatikana imeokoka. Familia ya mchekeshaji Eric Morecambe ilibahatika: filamu ya onyesho la mwaka 1970 la Eric na mwenzake Ernie Wise ilikutwa darini ikiwa nzima, nayo ikarushwa siku ya Krismasi ya mwaka 2021. Lakini filamu ya The Morecambe and Wise Show ya mwaka 1968 ilipatikana Afrika Magharibi ikiwa imeoza. Plastiki ya filamu za aina hii ikianza kuharibika hutoa harufu ya siki, kisha hunata tabaka kwa tabaka, na gurudumu lote likawa gogo moja lisilofunguka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, walilikata vipande kwa miale ya leza, wakavipiga eksirei, kisha wakazitenganisha picha moja baada ya nyingine kwenye kompyuta. Baadhi ya picha zilionekana: sura za Eric na Ernie, zenye mikwaruzo na mapengo.